Mpangilio wa Kozi za Sheria: Dhana Potofu na Ukweli

Wanafunzi wengi wa sheria huamini kwamba kozi za lazima zikishakwisha, zile za hiari hazina mpangilio, na kwamba mtu anaweza kuchukua yoyote katika muhula wowote mradi ratiba zisigongane. Ukweli ni kwamba masomo ya sheria hutegemeana hata pale ambapo chuo hakijataja kozi tangulizi.

Tuchukue sheria ya kampuni. Karibu kila anayeisoma hukutana na kesi ya Salomon, mtengenezaji wa viatu aliyeigeuza biashara yake kuwa kampuni, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1896, na wengi huishia kukariri kwamba kampuni ni mtu tofauti na wanahisa wake. Hata hivyo, kilichowaumiza wadai wa kawaida wa kampuni ile ya viatu hakikuwa hilo peke yake. Salomon aliiuzia kampuni biashara yake kwa mkataba, akapewa hisa pamoja na hati za deni zilizowekewa dhamana juu ya mali za kampuni, na kampuni inapofilisika mwenye dhamana kama hiyo kwa kawaida hulipwa kabla ya mdai wa kawaida asiye na dhamana. Mwanafunzi ambaye hajaelewa mikataba na dhamana husoma kesi hiyo akaipata nusu, kisha hulazimika kuirudia upya anapofika kwenye somo la ufilisi.

Dhana nyingine ni kwamba sheria ya ushahidi ingoje mwaka wa mwisho, eti kwa sababu ni ya mahakamani. Hii ndiyo naiona yenye hasara kubwa zaidi. Anayeingia kliniki ya sheria, yaani mahali wanafunzi wanapowasaidia wateja halisi wakisimamiwa, au mazoezi ya kuendesha kesi bila somo hilo atamuuliza shahidi wake mwenyewe swali linalomwekea jibu mdomoni, likapingwa, naye asijue kwa nini. Hata sheria ya jinai hubaki na pengo, kwa maana anajua kosa linaundwa na nini lakini hajui ni nani anayepaswa kulithibitisha, wala kwa kiwango gani. Ushahidi utangulie mazoezi hayo, au angalau uende nayo sambamba.

Wapo pia wanaoliahirisha somo la kodi kwa kuliogopa, ilhali uamuzi wa kuuza hisa za kampuni au kuuza mali zake mara nyingi husukumwa na kodi. Na wanaolimbikiza masomo ya mtihani wa uwakili mwishoni ili yasisahaulike wakumbuke kwamba marejeo yatafanyika vyovyote iwavyo, na aliyeelewa vizuri mapema hurejea kwa haraka.

Njia ninayoiamini ni kuanza na kozi ya mwisho unayoitamani, kuandika masomo inayoyahitaji, kisha kurudi nyuma muhula kwa muhula. Kabla ya kujisajili, iulize idara ni kozi zipi hufundishwa kila mwaka na zipi hupishana miaka, kwa kuwa kozi ya namna hiyo ikikupita, huenda isirudi kabla hujahitimu.