Je, wajua? Bega likiachana na mtulinga, kinachoshuka ni mkono

Mtu anadondoka na baiskeli, bega linapiga chini, akiinuka ana nundu juu ya bega na hapohapo watu wanasema limeteguka, anatokea na wa kutaka kuuvuta mkono eti lirudi. Jamani msivute! Bega kuteguka ni ile kichwa cha mfupa wa mkono kutoka kwenye kikombe chake, na hiyo kweli daktari huirudisha. Hapa kichwa kipo palepale, kilichoachana ni kiungo kidogo cha juu, pale mtulinga (ule mfupa mwembamba kati ya shingo na bega) unapokutana na ncha ya bapa la bega (mfupa mpana wa mgongoni), sasa ukivuta unazidi kuziumiza kano, yaani kamba zinazofunga mifupa, zilizochanika tayari.

Na nundu nayo inadanganya, wengi wanaona mtulinga umeruka juu. Mtulinga ndo mfupa pekee unaounganisha mkono na kiwiliwili, bapa la bega pamoja na mkono mzima vimening'inia hapo kwa kano. Chukulia ndoo ya maji imetundikwa kwenye tawi: kamba ikikatika ndoo ndo inashuka, tawi linapanda kidogo tu kwa vile limetuliwa mzigo. Mkono wa mtu wa kilo 70 una kama kilo 3.5, kano zikikatika unashuka na bapa lake, ncha ya mtulinga inabaki juu peke yake. Daktari akiibonyeza inazama, akiachia inaibuka tena.

Ndo maana tiba ya kwanza ni slingi, inaubeba mkono kano zipumzike. Madaktari wanagawa jeraha hili daraja 1 hadi 6: la 1 na la 2 ni slingi wiki moja hadi tatu, dawa za maumivu, kisha mazoezi, la 4 hadi la 6 mara nyingi ni oparesheni. Ubishi uko kwenye la 3, kano zote zimekatika na ukiiona eksirei utaapa kisu hakikwepeki. Ila utafiti wa Kanada uliotoka 2015 ulilinganisha slingi na bamba la chuma lenye ndoano, na miezi ya mwanzo wa slingi ndo waliokuwa na nafuu zaidi, baadaye bamba halikuonyesha faida ya maana. Hilo ni bamba lakini, njia nyingine za kufunga kwa nyuzi zinahitaji ushahidi wake, na mtu anayerusha au kunyanyua vizito juu ya kichwa kila siku daktari anaweza kumuamulia tofauti.

Bila oparesheni nundu kawaida inabaki, nguvu ndo zinarudi. Maumivu yakigoma baada ya miezi kadhaa ya mazoezi, oparesheni bado inawezekana, ila vidole vikifa ganzi usisubiri, nenda hospitali siku hiyohiyo.