Wale watu 12 wa kwenye riwaya, kwetu hawapo

Pale Moshi mjini kwenye meza za vitabu vya mtumba, riwaya za mahakama haziishi, zile za kurasa zimeshakuwa njano na jalada limeshikiliwa na selotepu. Ndo maana wengi wetu tumekua tukiamini kesi kubwa inaamuliwa na juri, yaani raia 12 wanajifungia chumbani wanabishana mpaka wakubaliane. Ni rahisi kuamini, maana vitabu vyenyewe vimeandikwa vizuri kweli.

Ila hiyo ni Marekani na Uingereza huko, na hata huko namba zinabadilika, Scotland kesi ya jinai wanakaa 15. Tanzania hatuna juri. Tulichokuwa nacho miaka mingi Mahakama Kuu, mfano kwenye kesi za mauaji, ni wazee wa baraza, wanakaa na jaji wanasikiliza ushahidi mwishoni wanatoa maoni, lakini maoni yao hayakuwa yanamfunga jaji, akiona tofauti anaandika sababu zake basi anaamua mwenyewe.

Kuhakikisha wala sio kazi. Katiba ya 1977 ipo kwa Kiswahili, fungua ibara ya 107A usome kuhusu utoaji haki, juri huikuti. Au siku ukiwa na nafasi ingia mahakamani, kesi nyingi zinasikilizwa wazi, zima simu tu ukae benchi la nyuma.

Riwaya endeleeni kusoma, mie mwenyewe ninayo moja kwenye begi hapa.