Shaba moja au mbili? Kukokotoa kizingiti cha azidi na alkini

Azidi (molekuli yenye nitrojeni tatu mfululizo) na alkini (yenye kifungo-tatu cha kaboni) hufunga pete ya triazoli, ya nitrojeni tatu na kaboni mbili, hata bila metali, ila kwa kuchemshwa muda mrefu, na isoma za 1,4 na 1,5, zinazotofautiana kwa nafasi za vikundi kwenye pete, hutoka zimechanganyika. Ukitia shaba(I), mmenyuko huisha kwenye joto la chumba na hutoka ya 1,4 peke yake. Vikundi vya wanakemia Morten Meldal na Barry Sharpless vilitangaza hilo mwaka 2002. Hapa tunakokotoa kwa kompyuta kizingiti, yaani kilima cha nishati ambacho mmenyuko huo lazima uvuke, na kuuliza kama shaba moja inatosha au zinahitajika mbili.

Anza na kielelezo kidogo: azidi ya methili, propini (alkini ndogo) iliyonyang'anywa protoni, yaani asetilidi, shaba na ligandi yake (molekuli inayoishika shaba). Tafuta umbo kwa B3LYP (njia ya kukokotoa nishati ya elektroni) pamoja na sahihisho la D3 la mvutano hafifu na def2-SVP (seti ndogo ya fomula za kueleza elektroni), kisha rudia nishati kwa def2-TZVP, seti kubwa zaidi, ndani ya SMD, kielelezo cha kiyeyushi. Bila D3, mvutano hafifu kati ya molekuli hupotea na kizingiti huvimba.

Nitrojeni ya azidi iliyobeba methili hushika shaba. Ile ya mwisho huikabili kaboni ya asetilidi iliyo mbali na shaba. Punguza umbali kati ya hizo mbili kutoka angstromu 3.0 kwa hatua za 0.1, chukua kilele, ndipo utafute hali ya mpito, yaani umbo la kileleni mwa kizingiti. Masafa hasi ya mtetemo yawe moja tu. Ukiona -30 hivi (cm⁻¹), mara nyingi ni methili inazunguka, si kifungo kinachoundwa. Fuata njia ikishuka kutoka kileleni pande zote mbili uhakikishe inakofikia.

Programu nyingi huchapa nishati huria kwa gesi ya atmosfia 1, ilhali kwenye chupa tunahesabu moli 1 kwa lita. Kwa nyuzi 25 za Selsiasi, molekuli mbili zikiwa moja kizingiti hushuka kilokalori 1.9 kwa moli; tatu zikiwa moja, 3.8. Si kidogo: 1.4 tu hubadili kasi mara kumi.

Wengi huteleza kwenye sifuri, yaani pale nishati inapoanzia kupimwa. Shaba ya pili ikiegemea kifungo-tatu cha asetilidi, hali ya mpito hutulia zaidi, na vipimo vya kasi navyo huelekeza kwenye shaba mbili. Lakini huwezi kulinganisha njia ya shaba moja na ya shaba mbili ikiwa moja ina atomu nyingi kuliko nyingine: iongeze shaba ya pili, pamoja na ligandi yake, kwenye hesabu ya njia ya shaba moja hata kama imesimama kando. Kisha pima vizingiti vyote kutoka kwa umbo tulivu kuliko yote yaliyotangulia, mara nyingi mkusanyiko wa asetilidi za shaba. Ukipima kutoka asetilidi pweke, mmenyuko utaonekana wa kasi kuliko ulivyo.