Dada, hao si mashetani: dhana potofu kuhusu metali ya kiasili ya Nordiki

Dada yangu aliposikia nimekata tikiti mbili, moja yangu na moja ya binti yake wa miaka 15, alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Yeye yuko Tanga. Binti anaishi kwangu hapa Tampere, Finland, na anasoma. Maneno yalikuwa mengi, ila kiini chake ni hiki: "Kaka, nilikukabidhi mwanangu umlee, sikukukabidhi umpeleke kwa mashetani." Sikumlaumu. Mimi mwenyewe, miaka minane niliyokaa huku, nikiona vijana wenye vikoti vya jinzi vilivyoshonewa viraka vya majina yasiyosomeka, nilikuwa navuka barabara.

Shoo ilikuwa ya Korpiklaani, kundi la mji wa Lahti lililoanza kutumia jina hilo mwaka 2003. Wanapiga metali ya kiasili (folk metal) ya Nordiki, yaani ya nchi za kaskazini mwa Ulaya: magitaa ya umeme na drams nzito, na juu yake nyimbo na ala za wazee wa huku. Tangu siku ile Waswahili wenzangu wa hapa mjini wananiuliza yaleyale niliyokuwa nikiyaamini kabla ya kuingia ukumbini. Nayajibu hapa kwa mkupuo.

"Ni kelele tu, muziki hamna"

Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kila Ijumaa mchana anakuja mzee mmoja na kodiani yake, viti vinasogezwa ukutani, na wanaoweza kusimama wanasimama. Wanachocheza kinaitwa humppa: mapigo mawili mawili ya haraka, besi inarukaruka kama mtu anayekanyaga mchanga wa saa saba mchana. Ndiyo dansi waliyoicheza ujanani kwenye mabwalo ya mbao kando ya maziwa, wakati wa kiangazi. Kuna bibi mmoja wa miaka 91 ambaye jina langu halikumbuki, lakini humppa ikianza mguu wake wa kulia unaamka kabla yake.

Sasa kwenye shoo, nyimbo mbili za kwanza kweli nilisikia kelele. Kifua kilitetemeka kama nimeegemea lori linalounguruma. Wimbo wa tatu magitaa yakapungua kidogo, kodiani ikachomoza, fidla ikaifuata, na nikashtukia mguu wangu wa kulia unagonga sakafu. Nikacheka peke yangu. Ilikuwa Ijumaa ya kazini, imetiwa umeme.

Halafu fidla na kodiani kwa mtu wa Tanga si wageni. Taarabu ingekuwa nini bila hao wawili? Nilimrekodia dada sekunde ishirini za kipande kile nikamtumia bila maelezo. Akajibu: "Hiyo harusi ya wapi?"

Mchanganyiko huu haukuanza jana. Skyclad wa Uingereza, walioanza mwaka 1990, ndio hutajwa mara nyingi kuwa wa kwanza. Humppa yenyewe iliingizwa kwenye metali na Finntroll, kundi la Helsinki la mwaka 1997, ambao ni Wafini lakini huimba Kiswidi, kwa kuwa mwimbaji wao wa kwanza alitoka katika Wafini wachache ambao lugha yao ya mama ni Kiswidi. Kabla yao, mwaka 1994, Amorphis walitoa albamu nzima iliyochotwa kwenye Kalevala. Hizo ni tenzi ambazo daktari Elias Lönnrot alizikusanya kwa kutembea kijiji kwa kijiji, akazichapisha mwaka 1835, kisha akazipanua hadi nyimbo 50 mwaka 1849. Humo ndani mzee Väinämöinen anatengeneza kinubi cha kantele kwa mfupa wa taya la samaki, na akikipiga viumbe wote wanatoka msituni kusikiliza. Watu wenye hadithi ya namna hiyo usiwaambie hawajui muziki.

Ile sauti ya kukoroma ya baadhi ya waimbaji nayo si kupayuka. Pumzi inasukumwa kutoka tumboni, na kinachotetema zaidi ni mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti. Anayepayuka tu anapoteza sauti kabla ya shoo kwisha.

"Ni muziki wa shetani"

Hofu hii ina mzizi, tusijifanye haina. Tarehe 6 Juni 1992 kanisa la kale la mbao la Fantoft, kule Bergen, Norway, liliteketezwa kwa makusudi, na mengine yakafuata. Wimbi lile lilihusishwa na vijana wa metali nyeusi, ambalo ni tawi jingine lenye watu wengine. Kumtwisha mpiga kodiani wa Lahti mzigo ule ni sawa na kumkamata mwimba taarabu kwa ugomvi wa kwenye kigodoro.

Mashairi ya metali ya kiasili ni misitu, theluji, uwindaji, sauna, miungu ya kale na mazimwi. Finntroll wana mfalme wa mazimwi anayewatimua Wakristo wanaoingia msituni mwake. Mkristo akikerwa na hilo ana haki yake. Lakini kanisa la hapa halikukimbia: tangu mwaka 2006 Walutheri wa Finland wana ibada inayoitwa Metallimessu, misa ya metali, yenye tenzi za kitabuni zinazopigwa kwa magitaa ya umeme. Ya kwanza ilifanyika katika kanisa la Temppeliaukio mjini Helsinki, lile lililochongwa ndani ya mwamba. Nilipomwambia dada kuhusu hilo, alikaa kimya siku mbili.

Kuna jambo moja lilinigusa zaidi. Wenyeji wa kaskazini kabisa ya huku, Wasami, wana uimbaji wao uitwao joik. Mwimbaji wa Korpiklaani, Jonne Järvelä, ndiye aliyeimba joik kwenye albamu ya Finntroll ya mwaka 2001. Karne ya 17 na ya 18 wamisionari na maofisa waliwanyang'anya Wasami ngoma zao na kuzichoma, wakisema ni chombo cha shetani. Mzee mmoja, Anders Poulsen, alinyang'anywa ngoma yake mwaka 1691, akashtakiwa kwa uchawi, na akauawa akiwa kizuizini kabla hukumu haijatoka. Ngoma ile ikaishia Denmark. Umiliki wake ulirudishwa kwa Wasami mwaka 2022, miaka 331 baadaye. Mimi nimekulia mahali ambapo bibi zetu walikatazwa ngoma kwa maneno hayohayo, kwa hiyo neno "muziki wa shetani" siku hizi nalipokea kwa uangalifu.

Dada angeniuliza kuhusu pombe, hapo angenibana kweli. Nyimbo za Korpiklaani zinazopendwa zaidi zina majina kama Vodka na Beer Beer, na ukumbi mzima unazijua kwa moyo. Tuliliongea hilo na mpwa kwenye basi tukirudi, na hakuwa mjinga kama nilivyodhani.

"Ni Waviking wenye kofia za pembe"

Hapa niliaibika. Mlangoni palikuwa na mtu anauza kofia za plastiki zenye pembe. Nikanunua moja, nikaivaa. Mpwa akanitazama, akatazama chini. "Mjomba, tafadhali. Ivue."

Waviking ni mabaharia na wavamizi wa Skandinavia wa miaka elfu moja hivi iliyopita, na hakuna kofia yao yenye pembe iliyowahi kupatikana. Ile maarufu, iliyochimbuliwa Gjermundbu, Norway, mwaka 1943, ni ya mviringo na ina kinga ya macho tu. Kofia za shaba nyeusi zenye pembe zilizopatikana Veksø, Denmark, ni za takriban miaka 900 kabla ya Kristo. Kwa Waviking zilikuwa za kale kuliko Waviking wenyewe walivyo wa kale kwetu. Picha tuliyo nayo vichwani ilitoka kwa mbunifu wa mavazi Carl Emil Doepler, aliyewavika waimbaji wa opera ya mtunzi Richard Wagner kule Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876.

Na Wafini si Waviking. Kwa hesabu kali Finland haimo hata katika Skandinavia, ambayo ni Norway, Sweden na Denmark. Kifini ni ndugu wa Kiestonia na Kihungari, hakina undugu na Kiswidi. Ukitaka meli na mashoka nenda kwa Amon Amarth wa Sweden, ambao si metali ya kiasili ila wana mchezo mzuri: watu mamia wanakaa sakafuni kwa safu na kupiga makasia hewani.

Kofia ipo jikoni. Tunawekea vitunguu.

"Mtoto atakanyagwa"

Mbele ya jukwaa panafunguka duara, watu wanakimbizana na kugongana mabega. Kwa mbali ni vita. Nilisimama hatua kumi, nimemshika mpwa ukosi kama mwizi. Kijana mmoja mrefu akateleza akaanguka. Sijahesabu hadi mbili, mikono minne ikamnyanyua na mtu mwingine akatanua miguu kuzuia wimbi lisimfikie. Baadaye kidogo mkono ukainuka katikati ya duara umeshika kiatu cha mguu mmoja, unakizungusha hewani mpaka mwenyewe akajitokeza akichechemea. Wakati wa kodiani duara liligeuka kabisa: watu walishikana mikono wakacheza polka, akiwemo baba mwenye ndevu za kijivu na binti yake.

Hata hivyo, mtoto mdogo hana kazi pale mbele. Kaa pembeni, mbali na spika, jirani na mlango. Wenye watoto wadogo kabisa huku wana Hevisaurus, bendi ya metali iliyoanza mwaka 2009 ambayo wanamuziki wake huvaa kama madinosari, na shoo zake huwa mchana.

"Mtoto hataruhusiwa kuingia"

Inategemea tikiti. Ukiona K-18, yaani miaka 18 kwenda juu, mtoto arudi nyumbani. Ikiwa shoo ni ya rika zote, mara nyingi ukumbi unagawanywa: upande mmoja vinywaji, upande mwingine hamna. Nilikaa upande usio na vinywaji na mpwa, nikanywa soda ya bei ya nyama kilo. Beba pia hela ya kuwekesha koti. Usipange kuingia nalo.

"Masikio yatazoea"

Hayazoei, yanakufa. Hili ndilo kosa langu kubwa la usiku ule. Mpwa alikuja na vizibo vyake mfukoni; mimi nikajiona mwanamume, nikavikataa vya kwenye kaunta. Masikio yaliimba filimbi mpaka kesho yake jioni.

Hesabu yake ni hii. Kelele ya desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) inavumilika kwa saa nane. Kila desibeli 3 zinazoongezeka, muda unakatwa nusu, kwa hiyo kwenye 100 unabakiwa na dakika 15, na shoo ni saa moja na nusu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani katika kumbi usizidi desibeli 100. Sweden wana kikomo hichohicho, na wanashuka hadi 97 pale watoto wa chini ya miaka 13 wanaporuhusiwa kuingia. Vizibo vya sponji vinatosha, ila uvisokote viwe vyembamba kabla ya kuviingiza, la sivyo ni mapambo. Mtoto mdogo avae vifuniko vya kukaza kichwani kama vya fundi wa msumeno.

"Mtu mweusi ataenda kufanya nini pale?"

Kusikiliza muziki. Wapo wenye chuki waliojipachika kwenye alama za kale za huku. Kundi la Wanazi mamboleo la Nordiki limechukua runi, yaani herufi ya kale ya huku, ya mungu Tyr kuwa nembo yake, kwa hiyo ukiingia tazama nembo kwenye fulana kama unavyotazama mtu mwingine yeyote usiyemjua. Usiku ule sikuona hata moja. Mzee mmoja wa foleni, na foleni za huku ni kimya kama za maziko, alinigeukia akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tanga. Akafikiri, akasema, "Huko mna joto," akageuka mbele. Kwa Mfini huo ni urafiki.

Kwetu Afrika nako metali ipo. Botswana ina Skinflint na Overthrust, Nairobi ilitoa Duma. Anayedhani ni mali ya watu wa theluji peke yao amechelewa.

"Ni mambo ya kale yaliyokufa, yamefufuliwa kwa biashara"

Mpwa ndiye aliyenivunjia hii, na kisa chake kinatoka visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya taji la Denmark. Kuna kundi la huko linaitwa Týr (jina la mungu yuleyule, si wale Wanazi), lilianza mwaka 1998. Mwaka 2002 walirekodi Ormurin langi, utenzi wa meli ndefu ya mfalme Olav Tryggvason wa Norway na vita alivyoshindwa mwaka 1000. Utenzi wenyewe uliandikwa mwaka 1830 na mkulima, Jens Christian Djurhuus, na watu wa Faroe wanauimba mpaka leo bila ala yoyote: wanashikana mikono mnyororo mrefu unaojipinda chumba kizima, kiongozi anatoa beti, wote wanapokea kiitikio, na ngoma ni miguu inayogonga mbao. Týr hawakufufua maiti. Waliuongezea gitaa wimbo ambao bibi zao walikuwa wanaucheza wiki iliyopita.

Hatua ni mbili kushoto, moja kulia. Mpwa ameijifunza kwenye simu na sasa ananifundisha baada ya chakula cha jioni. Mnyororo wa watu wawili haujipindi sana. Hatua ya pili kushoto mimi nagonga friji, naye anapokea kiitikio kwa Kifaroe asichokijua, huku kofia ya vitunguu ikicheza juu ya meza.