Cheni ya taimingi "kurefuka": maana yake, na matundu matatu ya Datsun

Washa gari la zamani asubuhi, injini ikiwa bado ya baridi. Kama mbele, upande wa radieta, kuna kitu kinachakacha kwa sekunde mbili tatu halafu kinanyamaza, fundi mzoefu hahitaji hata kufungua boneti. Atakwambia cheni imerefuka, na mara nyingi atakuwa amepatia. Muulize sasa imerefukaje, chuma kigumu kile, uone majibu yanavyopishana. Mmoja atasema ni joto, mwingine atasema ni kuvutwa miaka nenda miaka rudi. Sababu yenyewe ni nyingine, na ukiielewa ndipo utajua kama gari lako linahitaji cheni mpya au marekebisho madogo tu.

Tuanze na kazi ya cheni. Chini ya injini kuna kranki, inayogeuza mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka kuwa mzunguko. Kamshafti ndiyo inayofungua valvu, zile za kuingiza hewa na petroli na zile za kutoa moshi. Katika injini ya mapigo manne kranki huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kamshafti, ndiyo maana sproketi (gurudumu la meno) ya kamshafti ina meno mara mbili ya ile ya kranki. Kinachoziunganisha ni cheni, ingawa magari mengine yana mkanda wa mpira na mengine gia tupu. Taimingi ni huo ulinganifu wao: pistoni ikifika mahali fulani, valvu iwe imefunguka kiasi fulani, isiwahi wala isichelewe.

Sasa kuchakaa. Cheni ni pini nyingi, kila moja ndani ya bushi yake, yaani kijibomba kinachoizunguka, zikiunganishwa na vibao bapa vya chuma pembeni. Vibao hivyo havivutiki kwa nguvu ya injini ya kawaida. Kinacholika ni pini na bushi, kwa sababu husuguana kila kiungo kinapopinda kuingia kwenye sproketi na kila kinaponyooka kutoka. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, cheni yenye viungo 100 inayopita kwenye sproketi ya meno 20 inapindisha kila kiungo mara 600 kwa dakika, hapo kwa kranki peke yake. Oili ikiwa safi, pini inaelea kwenye utando mwembamba na haigusani sana na bushi. Oili ikiwa imejaa vumbi na masizi inakuwa msasa. Nikimwona mtu anasifia injini yake kwamba "haili oili" huku hajaimwaga tangu mwaka juzi, huwa nawaza cheni yake kwanza, hata kabla ya ringi za pistoni.

Piga hesabu kidogo. Tuseme kila kiungo kimelika milimita 0.05, pungufu ya unene wa unywele wa kawaida. Kiungo kimoja ukikishika mkononi hutaona kitu. Lakini upande wa cheni unaovuta, ukiwa na viungo kama 40, tayari umeongezeka milimita 2. Cheni ya aina iliyozoeleka kwenye magari ya miaka ya 1960 na 1970 ina milimita 9.525 kutoka pini hadi pini. Sproketi ya kamshafti yenye meno 40 basi ina mzingo wa milimita 381. Milimita 2 kati ya hizo ni karibu digrii 2 za kamshafti, yaani karibu digrii 4 za kranki, na mwelekeo wake ni mmoja tu: kamshafti inachelewa. Kranki imeshafika, kamshafti iko nyuma. Valvu ya kuingiza inafunga ikiwa imechelewa, sehemu ya hewa inasukumwa irudi ilikotoka, na gari linapoteza nguvu kwenye mwendo mdogo. Mlimani unajikuta unashusha gia mapema kuliko zamani. Sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, nayo inaanza kuyumba. Kwa kuwa mambo haya huja polepole, dereva huyazoea na kuishia kulaumu karabureta.

Nimechagua Datsun kwa makusudi. Injini za familia ya L, zilizokuwa ndani ya Datsun 1600 SSS na 240Z, zinajulikana vizuri Afrika Mashariki. Edgar Herrmann alishinda Safari Rally ya 1970 kwa 1600 SSS, akarudi 1971 akashinda kwa 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda kwa 240Z baada ya kufungana pointi na Harry Källström, naye akiwa ndani ya Datsun. Injini ya 1600 ina silinda nne na ya 240Z ina sita, lakini ni ndugu wa damu: kamshafti juu ya hedi (sehemu ya juu inayofunika silinda), cheni ya safu mbili mbele, na utaratibu uleule wa kuirekebisha. Utaratibu huo unaeleza maana ya kurefuka kuliko maelezo yoyote, kwa sababu waliozibuni walijua tangu mwanzo kwamba cheni italika, wakaacha nafasi.

Sproketi ya kamshafti ya injini hiyo haina tundu moja la pini ya kuishikilia, ina matatu, yenye namba 1, 2 na 3. Gari likitoka kiwandani pini hukaa kwenye tundu namba 1. Ukihamia namba 2, kamshafti inasogezwa mbele kwa digrii 4 za kranki. Namba 3 inaongeza digrii 4 nyingine. Linganisha na hesabu ya juu: milimita 2 za kuchakaa ni karibu tundu moja kamili. Kwa hiyo cheni iliyochakaa kiasi haihitaji kutupwa papo hapo. Unarudisha ulinganifu kwa kuhamisha tundu, mpaka yaishe.

Kupima hakuchukui muda. Fungua kava la valvu, toa plagi zote ili injini iwe nyepesi, kisha zungusha kranki kwa spana kufuata upande inakozunguka kila siku, hadi pistoni ya silinda ya kwanza ifike topu, yaani kilele chake, ikiwa kwenye pigo la kubana hewa. Usiirudishe nyuma ukipitiliza, hata kidogo. Ukirudisha nyuma, ulegevu unahamia upande unaovuta na kipimo chako kinakuwa cha uongo. Zungusha tena duara mbili mpaka ufike. Sasa chungulia nyuma ya sproketi. Kuna kialama cha mkato kwenye sproketi na kijifereji kirefu kwenye bamba linaloshikilia kamshafti. Ukiwa umesimama mbele ya injini, mkato ukiwa ndani ya kijifereji, mambo ni sawa. Mkato ukiwa umetokea upande wa kushoto wa kijifereji, cheni imechakaa na kamshafti inachelewa. Hapo unahamisha tundu. Ukishafika namba 3 na mkato bado uko kushoto, cheni imekwisha.

Jambo moja huwapoteza hata mafundi wazuri. Kwenye injini nyingi za zamani distribyuta, kifaa kinachogawa moto wa cheche kwa plagi, inaendeshwa na kamshafti, kwa hiyo cheni ikilegea moto huo nao unayumba, na taa ya taimingi inaonyesha alama ikicheza kwenye puli. Kwenye injini ya L distribyuta inaendeshwa na gia iliyo kwenye kranki yenyewe. Taa itakuonyesha alama imetulia kabisa, moto uko sawa, wakati valvu zimechelewa digrii 8. Ukitegemea taa peke yake utaondoka ukiamini injini ni nzima.

Ile sauti ya asubuhi inatoka wapi? Upande wa cheni usiovuta una tenshena, kifaa chenye springi kinachosaidiwa na presha ya oili kusukuma kiatu dhidi ya cheni. Injini ikilala usiku presha inaisha, springi inabaki peke yake, na cheni iliyolegea inapiga reli zake, yaani vipande vinavyoiongoza, mpaka oili ifike. Sauti ikikoma baada ya sekunde chache bado una muda. Ikiendelea injini ikiwa imepata moto, tenshena imetoka hadi mwisho wa safari yake au reli zimevunjika. Hapo si pa kusubiri. Kinachofuata ni cheni kuruka jino, na jino moja kwenye sproketi ya meno 40 ni digrii 9 za kamshafti, sawa na 18 za kranki. Injini nyingi hazivumilii kiasi hicho, na nyingine pistoni inakutana na valvu.

Kubadilisha cheni, kama umeamua, ni kazi ya mbele ya injini yote: kumwaga maji, kutoa radieta, feni, puli ya kranki, pampu ya maji, pampu ya petroli, halafu kava la mbele. Kava hilo kwenye Datsun ndilo la kichokozi. Juu yake limekaliwa na gasketi ya hedi na chini limebanwa na sampu (bakuli la oili), na kuna bolti ndogo mbili zinazotoka kwenye hedi kushuka kuliingia. Asiyezijua hushika nyundo na nyenzo, akang'oa kava pamoja na kipande cha gasketi. Mimi nasema hivi: kama hedi ina miaka mingi haijafunguliwa na kuna dalili za maji kuvuja, ishushe hedi kabisa, kazi ifanyike mara moja. Kama ni nzima, kata sili ya zamani taratibu kwa kisu chembamba na uweke silikoni kwenye pembe mbili za juu wakati wa kurudisha.

Kinyume chake pia hutokea: unataka kushusha hedi tu, cheni huigusi. Ukilegeza sproketi ya juu bila maandalizi, tenshena inachomoka na kudondoka, na hakuna njia ya kuirudisha bila kufungua mbele. Dawa yake ni kabari ya mbao, imechongwa nyembamba kuelekea chini, inayopigwa katikati ya pande mbili za cheni ili ikaze na kushikilia tenshena mahali pake. Ifunge kamba kwenye ncha ya juu, maana kabari ikizama humo ndani utaitafuta kwa masikitiko.

Cheni usiinunue peke yake. Sproketi iliyoendeshwa na cheni chakavu meno yake yamelika kufuata cheni hiyo, na cheni mpya juu yake itachakaa haraka. Nunua seti: cheni, sproketi mbili, tenshena, reli zote mbili, sili ya kranki ya mbele. Tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na siku nzima ya kufungua.

Wakati wa kufunga, viungo viwili vinavyong'aa kwenye cheni vikae kwenye alama za sproketi, kimoja juu na kimoja chini. Ukishazungusha injini, viungo hivyo havitarudi kwenye alama mpaka baada ya mizunguko mingi, kwa hiyo usishtuke ukaanza kufungua upya. Angalia mkato na kijifereji, hivyo ndivyo vya kuaminiwa. Shafti ya kuendesha pampu ya oili na distribyuta nayo ina namna yake: ulimi wa juu ulale kama mstari unaotoka penye namba 11 ya uso wa saa kwenda penye namba 5, nusu iliyo ndogo ikielekea mbele ya gari. Ukikosea jino moja hapo, injini itawaka lakini moto hautaweza kupangika.

Pima tena nafasi za valvu, milimita 0.25 za kuingiza na 0.30 za kutoa, injini ikiwa ya moto. Na kabla hujafunga kava la valvu, tazama pini ya kamshafti imekaa tundu gani. Mwenye gari aliyepita huenda aliihamishia namba 3 kwa ajili ya cheni yake chakavu, na fundi anaporudisha vitu "kama vilivyokuwa" huiacha hapo hapo. Cheni mpya ikifungwa kwenye namba 3, kamshafti inawahi kwa digrii 8, na gari linatoka gereji likiwa na kasoro iliyogeuka upande wa pili. Cheni mpya hurudi namba 1.