Breka "imefungwa": ina umeme au haina?

Ukifunga bomba, maji hayapiti. Ukifunga redio, inanyamaza. Sasa mpeleke mtu aliyekulia Kiswahili hiki kwenye chumba cha udhibiti cha kituo cha umeme, mbele ya skrini iliyotafsiriwa neno kwa neno: "Breka: Imefungwa" (breka ni swichi kubwa ya kukata na kurudisha umeme). Ataona ni salama kuigusa. Kumbe kwa lugha ya wahandisi, breka iliyofungwa ni ile ambayo vyuma vyake vimekutana na umeme unapita.

Ndiyo maana wanaotuletea skrini za kutafsiri tunawashauri waandike matokeo: "umeme unapita", "umeme haupiti". Kwa vali, yaani koki ya bomba, "fungua" na "funga" yabaki yalivyo. Hapo hakuna anayekosea.

Rangi nayo ina mitego yake. Kwenye vituo vingi vya umeme Marekani, taa nyekundu ya breka maana yake umeme unapita, na ya kijani umekatika. Kwenye viwanda vingi kijani ni mashine inayofanya kazi. Fundi aliyehama kutoka kituo cha umeme kwenda kiwanda cha saruji huhama na macho yake ya zamani. Isitoshe, kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini, takriban 8 katika kila 100 hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Kila rangi basi iambatane na umbo au neno.

Kisha saa. Zamu ya usiku ikiandika "pampu ilizimwa saa 3", je, ni 03:00 au 21:00? Skrini ioneshe tarakimu za saa 24, na daftari la makabidhiano linakili hizohizo. Mtambo wa Kijerumani ukaguliwe pia namba zake: kule 1.500 ni elfu moja na mia tano, na 1,5 ni moja na nusu.

Siku ya majaribio ya skrini, usimuulize mwendeshaji kama ameelewa. Mbele ya wakubwa atajibu "ndiyo" kwa heshima tu. Mketishe peke yake, umwoneshe kitufe kimoja, umuulize: "Ukibonyeza hapa, kule nje kutatokea nini?" Kisha nyamaza, uandike anachosema.