Kwa nini Hart Crane alichagua daraja kuwa sura ya Marekani?

Mwaka 1922 T. S. Eliot, mshairi Mmarekani aliyehamia Uingereza, alichapisha utungo wake The Waste Land. Mle ndani umati unavuka London Bridge asubuhi yenye ukungu, kila mtu macho yake kwenye miguu yake, utadhani ni wafu wanaokwenda kazini. Hart Crane, mshairi kijana wa Ohio aliyezaliwa 1899, aliuhusudu ufundi huo ila akaikataa hukumu yake. Jibu lake nalo likawa daraja: Brooklyn Bridge la New York.

Lakini kwa nini si tai, au bendera? Hivyo vilikwisha kupewa maana na serikali, mshairi angebaki kuitikia tu. Tena nchi yenyewe haikuwa na hekaya moja ya kale: wenyeji wa asili walikuwa na zao, waliopelekwa utumwani zao, wahamiaji zao. Daraja, lililofunguliwa 1883, lilikuwa limejengwa machoni pa watu, na kila mtu alilipita.

Na lilijengwa kwa gharama. Aliyelibuni, John Roebling, mhamiaji kutoka Ujerumani, alipondwa mguu na boti ya kivuko akafa kwa pepopunda mwaka 1869. Mwanawe Washington akashika kazi, akaugua kwa sababu ya hewa iliyoshindiliwa kwenye makasha ya kuchimbia misingi chini ya mto. Ikabidi asimamie ujenzi akiwa dirishani, huku mkewe Emily akipeleka maagizo kwa mafundi. Crane alikuja kupanga katika nyumba hiyohiyo yenye dirisha lile, mtaa wa Columbia Heights huko Brooklyn, na inasemekana hakujua hilo mpaka baadaye.

Utungo wake kuhusu daraja hilo, The Bridge, ulitoka 1930. Unaanza alfajiri, shakwe akizunguka juu ya ghuba. Nyaya za feleji zinageuka kinubi, kisha madhabahu. Columbus yumo, mto Mississippi umo, hata treni ya chini ya ardhi imo. Ila mimi humwamini Crane zaidi pale mapema kabisa, kichaa anapokimbilia ukingo wa daraja, shati likifura kwa upepo, anajirusha, na wapita njia hawasemi kitu. Mpiga debe wa taifa angemfuta mtu huyo.

Kasoro zipo. Pocahontas, binti wa chifu wa wenyeji wa asili, amegeuzwa mwili wa ardhi, na watu wake hawapati nafasi ya kusema lao. Allen Tate na Yvor Winters, washairi na wahakiki waliokuwa marafiki wa Crane, waliandika mwaka uleule kwamba utungo mzima haushikamani. Nadhani walikuwa na haki kiasi: daraja moja haliwezi kubeba bara.

Langston Hughes, mshairi Mmarekani mweusi, katika shairi lake I, Too, lililomo kwenye kitabu chake cha 1926, hakuhitaji minara. Alichukua meza ya chakula iwe sura ya nchi. Ndugu mweusi anapelekwa jikoni wageni wakija. Anakula, anacheka, anapata nguvu. Kesho, anasema, atakaa mezani, na hakuna atakayethubutu kumwambia akale jikoni.